Mjomba, uliniuliza kwa nini sisi huimba makaburini

Mjomba wangu, shikamoo.

Siku ile ya mazishi ya nyanya kule Rabai uliniuliza kitu, watu walikuwa wengi na mimi ndo nilikuwa nagawa sahani kwa hivo hatukupata nafasi ya kuongea. Ukasema, "Sasa nyinyi mtu akifa mnaimba na kupiga makofi, kwani mnafurahia nini?" Hukuuliza kwa ubaya, nakujua. Na vile familia yetu wengine ni Waislamu wengine Wakristo, na hapa Mombasa kuna watu kibao wana mjomba ama shangazi wa upande wa pili, nimeona nikujibu hapa wazi ili na wao wasome.

Mtu akitaka kuujua Ukristo mara nyingi huanzia kwenye kitabu, Biblia inasema hivi, Biblia inasema vile. Biblia naipenda na naisoma kila asubuhi, lakini wale Wakristo wa mwanzo kabisa hawakuwa na Agano Jipya hata ukurasa mmoja. Walichokuwa nacho ni habari tu: kwamba Yesu wa Nazareti, aliyesulubiwa Yerusalemu enzi za Pontio Pilato, amefufuka siku ya tatu, kaburi limekutwa tupu na watu wamemuona yu hai. Hiyo habari ikatembea kwa mdomo miaka mingi, watu wakakubali kuuawa kwa ajili yake, ndo baadaye ikaandikwa. Kati ya maandishi ya kwanza kwanza ni barua za Mtume Paulo. Ile ya kwanza kwa Wakorintho aliiandika kama miaka 20 na kitu baada ya msalaba, na ukienda sura ya 15 anawaambia kwamba anawapa kile ambacho na yeye alipokea, kisha anawataja waliomuona Yesu: Petro, wale kumi na wawili, halafu watu zaidi ya 500 kwa wakati mmoja, na anasema wengi wao bado wako hai. Yani mwenye shaka na aende akawaulize. Na hapo hapo anasema kama Kristo hakufufuka bas mahubiri yote ni bure na imani yenyewe ni bure.

Kuna jambo moja kwenye habari hizo hunishika kila nikisoma. Injili ziko nne, Mathayo, Marko, Luka na Yohana, na kwenye mambo madogo madogo zinatofautiana, huyu anataja malaika mmoja, huyu wawili. Lakini zote nne zinasema waliotangulia kulikuta kaburi tupu ni wanawake, na Mariamu Magdalena yumo kwenye zote. Marko na Luka wanasema walikwenda na manukato, walikuwa wanakwenda kumshughulikia maiti, hawakuwa wanategemea lolote. Zama zile ushahidi wa mwanamke haukupewa uzito, na Luka anaandika bila kuficha kwamba mitume walipoletewa habari waliona ni upuzi, wakakataa kuamini. Sa mtu anayetunga hadithi ili aaminiwe angechagua mashahidi kama hao kweli? Angeweka wazee wenye majina. Mi naamini wameandikwa wanawake kwa sababu walikuwa ni wanawake, na hilo kwangu lina uzito mkubwa sana.

Najua hapa ndo tunapoachana njia. Nyinyi Nabii Isa mnamheshimu, Bibi Maryam ana sura yake nzima kwenye Qurani, na mnaamini hakusulubiwa. Sitaki tubishane, ila niruhusu nikwambie sisi tunaamini nini, manake mengi yanayosemwa barazani kutuhusu siyo. Hatuabudu miungu watatu. Mungu ni mmoja, Torati imesema hivo na Yesu mwenyewe akairudia. Na hakuna Mkristo anayeamini kwamba Mungu alioa akazaa, hiyo hata kwetu ni kufuru. Tunachokiri ni kwamba huyo Mungu mmoja ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na kwamba katika Yesu alikuja yeye mwenyewe, akala na watu, akachoka, akalia, akafa. Jambo lenyewe liliwasumbua hata Wakristo wenyewe. Kulikuwa na padri mmoja wa Alexandria, Arius, aliyefundisha kwamba Mwana naye ni kiumbe, ameumbwa, ikazuka vurugu kubwa mpaka maaskofu wakaitwa Nikea mwaka 325, huko ambako sasa ni Uturuki, wakasema la, Mwana ni wa asili moja na Baba. Pakaja na mkutano mwingine Konstantinopoli mwaka 381, na Kanuni ya Imani iliyotoka huko tunaisema kanisani mpaka leo, wote tumesimama. Hili si jambo la kulimaliza kwa kikao kimoja, watu wameliwaza maisha yao yote.

Na lile linalosemwa kwamba Biblia zetu ni "nyingi", hiyo ni rahisi. Sisi Waanglikana na Waprotestanti wengine tunahesabu vitabu 66, Wakatoliki 73, na vile 7 vya zaidi vyote ni vya Agano la Kale, kama Tobiti, Yudithi na vile vya Wamakabayo. Agano Jipya ni vitabu 27, na hapo sisi na Wakatoliki hatuna tofauti. Orodha ya hivo 27 vile vile tulivyo navyo iko kwenye barua ya Askofu Athanasio ya mwaka 367.

Ila kuna kitu cha hapa hapa kwetu nataka ukijue mjomba. Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine pamoja na kitoto chao kichanga, kaburi lao liko upande wa Nyali. Mwaka huo huo ndo alianza kukitia kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa. Kadhi! Muislamu wa mji huu ameketi na mmisionari wanaandika habari za Mungu kuumba mbingu na nchi, na wala hawakuwa wamekubaliana kwenye dini. Mwaka 1846 akaja mmisionari mwenzake, Rebmann, wakapanda Rabai, na ndo imani ikaingia huko kwetu.

Na sitaki kuficha ya kabla ya hapo. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, ngome ya mizinga, wakaipa jina la Yesu, na damu imemwagika sana kwenye mji huu kwa sababu yao. Mimi hilo linaniuma. Yesu ninayemsoma kwenye Injili usiku aliokamatwa alimwambia Petro arudishe upanga wake mahali pake. Heri Frere Town, kule Kisauni, ambako miaka ya 1870 waliwekwa watu waliookolewa utumwani, na kengele yao bado ipo pale Kengeleni, matatu zinapita hapo kila siku.

Haya, sasa Jumapili. Wanafunzi wa Yesu walikuwa Wayahudi, siku yao ilikuwa Sabato, Jumamosi. Kilichowafanya wakusanyike siku ya kwanza ya wiki ni lile kaburi. Ukishalijua hilo mambo yetu mengine yote yanajipanga. Ubatizo, Paulo anasema ni kuzikwa na Kristo na kufufuka naye, ndo maana wengine wanazamishwa majini mzima mzima. Mkate na kikombe cha Meza ya Bwana ni kuitangaza mauti yake mpaka atakapokuja. Hata Kwaresima, ile mfungo yetu, inaanza Jumatano ya Majivu na tunasema ni siku 40, lakini ukihesabu kwenye kalenda mpaka Pasaka unapata 46, kwa sababu Jumapili hazimo kwenye hesabu, siku ya ufufuo haifungwi. Na Pasaka yenyewe inafuata mwezi, hilo naona utalipenda. Nyinyi mnangoja mwezi uandame, sisi tunaangalia mwezi mpevu: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, kwa hivo huangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Krismasi ina shangwe zaidi mjini lakini tarehe yake haimo hata kwenye Biblia, Pasaka ndo sikukuu mama.

Bas ndo maana tunaimba. Usidhani hatulii, Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro. Ulimuona mama siku ile, leso imelowa, sauti inakatika katikati ya ubeti, anavuta pumzi, anaendelea. Hakuwa anafurahia kifo cha mamake. Anaamini kwamba aliyemtoa Yesu kaburini atamtoa na nyanya, kwa mwili kabisa, siku ya kiyama, na hapo mjomba nafikiri tunakaribiana, manake na nyinyi kufufuliwa mnakuamini.

Kama utapenda kusoma mwenyewe nina Agano Jipya dogo la ziada, ntakuletea Majengo wikendi hii. Usianze na Ufunuo, wengi huanzia huko wakachanganyikiwa. Anza na Marko, ni sura 16 tu na anaenda mbio mbio, jioni moja unamaliza. Ukifika sura ya mwisho utakuta nakala za kale kabisa zinakatikia aya ya 8, wanawake wanakimbia kutoka kaburini wakiwa wameingiwa na hofu, na aya zinazofuata wataalamu wengi wanasema ziliongezwa baadaye. Hapo najua utakuwa na maswali, yaandike kwenye karatasi nikija tuyapitie moja moja.

Msalimie mkaza mjomba na watoto.