Mwenye stenti asiachishwe vidonge kwa kopo la unga wa majani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: MATANGAZO YA DAWA ZA "KUSAFISHA MISHIPA"

Mheshimiwa Waziri, baba yangu mdogo alizibuliwa mshipa wa moyo akawekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi. Alirudi nyumbani na vidonge viwili alivyoambiwa asikose hata siku moja: aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande. Mwezi wa tatu, akiwa stendi, alimsikia muuza dawa mwenye kipaza sauti akinadi unga wa kijani: una antioksidanti (viini vya kutuliza kemikali haribifu mwilini), unasafisha mishipa, unaponya majeraha ya ndani. Alipomweleza hali yake akaambiwa kemikali za hospitali aachane nazo. Akaachana nazo. Wiki mbili baadaye tulimkimbiza hospitali usiku, damu imeganda ndani ya stenti. Mungu alimnusuru, ila moyo umebaki dhaifu. Kile kilima cha kwenda shambani kwake hakipandi tena.

Nilianza kusoma kwa hasira. Kilichonishtua ni kwamba yule muuzaji alishika kipande cha ukweli.

Mshipa umetandikwa kwa ndani utando wa tabaka moja tu la seli. Utando huo hutengeneza nitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa na kuzuia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zisishikamane. Ugunduzi huo uliwapatia Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobeli mwaka 1998. Puto la kuzibulia likivimbishwa, utando huchubuka. Penye jeraha huzalishwa superoksaidi, kemikali haribifu ya oksijeni, kwa wingi, nayo huila nitriki oksaidi, na misuli ya ukuta wa mshipa huanza kuota kama kovu hadi njia ikabana upya. Ndiyo maana wanasayansi wakawaza kuituliza superoksaidi kwa antioksidanti. Kwa panya wa maabara, kurkumini ya bizari ya manjano na resveratroli ya ganda la zabibu zimepunguza kovu hilo.

Binadamu je? Mwaka 1997 madaktari wa Montreal, Kanada, walichapisha jaribio la wagonjwa 317 wa kuzibuliwa kwa puto. Waliopewa vitamini C, vitamini E na beta-karotini, asilimia 40 hivi ya mishipa iliyozibuliwa ilibana tena, karibu sawa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Probukoli, dawa ya kiwandani yenye nguvu ya antioksidanti, ilishusha kiwango hicho hadi asilimia 21 hivi. Na huko Finland, jaribio la wavuta sigara 29,133 lilionyesha mwaka 1994 kuwa waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Chungwa na mchicha mezani ni jambo jema, nami nakula. Kiini chake kikishakamuliwa na kutiwa kwenye kopo ni kitu kingine, nacho kipimwe kama dawa.

Mmea umewahi kuusaidia mshipa uliojeruhiwa, tena sana. Paklitakseli ilitolewa kwenye gome la mti wa misitu ya magharibi ya Marekani, ikajaribiwa, ikawekewa kipimo, na mwaka 2004 stenti zilizopakwa dawa hiyo ziliidhinishwa huko. Haikufanya kazi kama antioksidanti. Huzuia seli za kovu zisigawanyike. Hilo lilijulikana kwa sababu watu walikaa wakachunguza.

Kwetu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na Baraza lake lipo. Naomba Baraza liamue kuwa hakuna kopo wala tangazo litakalodai kusafisha, kuzibua au kuponya mishipa bila ushahidi uliotoka kwa binadamu. Naomba pia kila mgonjwa wa stenti atoke wodini na karatasi ya Kiswahili chepesi, yenye herufi kubwa, ikieleza kwamba kuacha klopidogreli bila daktari kunaweza kumuua, na kwamba unga wa kitunguu saumu ukichanganywa na dawa hizo unaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Baba mdogo aliambiwa kwa mdomo, siku ambayo hata jina lake lilimtoka kwa shida.

Na tafadhali, wapeni fedha watafiti wa tiba asili wa Muhimbili, kazi iliyoanza 1974. Rozela, ule mmea wa maua mekundu ya chai na juisi, inastawi kwetu. Huko Marekani watu 65 walijaribiwa kwa wiki sita. Waliokunywa vikombe vitatu vya chai yake kwa siku, namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa takribani 7, ya wenzao wasioinywa kwa 1 tu. Jaribio dogo, lakini la watu. Kwa nini kubwa lake lisifanyike Dodoma au Morogoro, kwa wagonjwa wanaoendelea na vidonge vyao?

Kopo lile tumelihifadhi. Halina namba ya usajili wala kipimo, na ubavuni limeandikwa "husafisha mishipa yote". Baraza likilihitaji, nitalileta mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi, Morogoro