YAH: MALALAMIKO KUHUSU SIMENTI YA MUDA YA MENO MLIYONIUZIA

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Sera yenu ya kurudisha bidhaa mnaijua, sitairudia.

Niliagiza simenti ya zinki oksaidi yenye yujenoli, kemikali inayopatikana katika karafuu. Lebo mliyobandika ninyi inasema yujenoli imo. Nilipoibandua kwa ukucha, maandishi ya kiwandani chini yake yanasema haimo. Nakiri ningepaswa kushtuka siku ya kwanza: niliikoroga kwenye kioo isinukie karafuu hata chembe, na mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni yujenoli.

Nikaja dukani kwenu na boksi na risiti. Mhudumu wa kaunta, mbele ya wateja na wanafunzi wangu wawili, akasema: "Daktari, simenti ni simenti. Karafuu ni ya pilau." Watu wakacheka.

Simenti si simenti, Ndugu Meneja. Yujenoli hutoka kidogo kidogo na kuwashambulia bakteria wanaopenya ukingoni mwa krauni ya muda, yaani kofia ya jino, tena hutuliza kiini cha jino. Isiyo na yujenoli nayo ina kazi yake. Naitumia mwenyewe pale krauni ya kudumu itakapogandishwa kwa rezini, gundi ya aina ya plastiki, maana yujenoli huizuia rezini kukauka vizuri. Lakini uchaguzi huo ni wangu mimi daktari, si wa anayebandika lebo.

Mgonjwa wangu, mama mwenye jino lililooza hadi karibu na kiini, alikuwa amesharudi analia kwa maumivu kabla sijaja kwenu. Ndiyo sababu nilikuja. Siwezi kuapa kuwa simenti peke yake ndiyo iliyomuumiza. Naweza kuapa kwamba kinga niliyomwahidi hakuwa nayo, na hakujua, nami sikujua.

Barua pepe yenu inasema mhudumu "alitoa maelezo". Basi narudia maelezo yenyewe. Niliweka boksi kaunta, lebo zote mbili zikionekana. Hakusoma hata moja. Alilisukuma kwa ncha ya kalamu, kama kitu kichafu, akasema karafuu ni ya pilau, akamwita mteja wa nyuma yangu. Wanafunzi wangu walitazama chini. Miaka 19 nimefanya kazi hii, sijawahi kudharauliwa hivyo.

Nilipoanza kuandika nilitaka fedha zangu tu. Sasa nataka pia mlipe gharama za kumtibu upya yule mama, mniombe radhi kwa maandishi, na muwajulishe madaktari wote mliowauzia boksi hizo, maana wagonjwa wao bado wana simenti hiyo mdomoni.

Nawapa siku 7. Siku ya 8 boksi hili na picha za lebo zote mbili vitakuwa mezani kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na nakala itakwenda Tume ya Ushindani. Msimtume mhudumu yule kunipigia simu.

Wenu,
Daktari wa Meno