Printa haijamaliza kazi ya tupa

Ndugu Mhariri,

Makala iliyotoka katika ukurasa wako wa sayansi na ufundi ilisema kuwa kujenga reli ndogo ya mfano na vichwa vyake vya treni kwa mkono ni kazi iliyopitwa na wakati, kwamba printa ya 3D, mashine inayojenga vitu tabaka kwa tabaka, imechukua nafasi ya tupa na msumeno, na kwamba anayeanza leo hana haja ya kujifunza kulehemu. Naomba nafasi nijibu, maana kijana aliyesoma maneno yale huenda ameweka pembeni kitu ambacho angekipenda maisha yake yote.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ninajenga kwa skeli ya 1:87, yaani kila kipimo kinagawanywa kwa 87, ambayo njia yenye upana halisi wa milimita 1,435 kati ya reli na reli inakuwa milimita 16.5, na kichwa cha treni cha mita 20 kinaenea kwenye sentimita 23. Printa ninayo, na naiheshimu. Bomba la moshi, kuba la mvuke, taa, vifuniko vya beringi, hata kibanda kizima cha dereva hutoka kwenye rezini, plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga, kikiwa na ribiti zinazohesabika moja moja. Zamani kila ribiti ilibidi igongwe kwa sindano upande wa nyuma wa bamba la brasi. Hapo mwandishi amesema kweli. Lakini vyote nilivyotaja ni vitu vilivyosimama. Garimoshi ni kitu kinachokwenda, na kazi ngumu iko kwenye huko kwenda.

Chukua fremu. Kwa kichwa cha mvuke chenye magurudumu sita ya kuendesha, nakata mabamba mawili ya brasi, nayashikiza pamoja kwa risasi ya kulehemea yawe kama bamba moja, kisha natoboa matundu ya ekseli kwa keekee inayopita mabamba yote mawili kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo nakuwa nimeshatengeneza fito zinazounganisha magurudumu, na matundu ya fito hizo ndiyo yanayoiongoza keekee kwenye fremu. Umbali kati ya ekseli na ekseli lazima ulingane na umbali kati ya tundu na tundu la ufito. Ukizidi mchoro kwa sehemu ya kumi ya milimita si neno, mradi fremu na fito vimezidi pamoja. Vikitofautiana, treni huchechemea kila gurudumu linapozunguka, na hakuna mota itakayoponya hilo. Printa hutoa kila kipande peke yake. Rezini nayo hunywea kidogo inapokomazwa kwa mwanga, na kipande kirefu chembamba hupinda. Sidai kwamba mkono wangu una usahihi kuliko mashine. Ninachosema ni kwamba njia hii ya zamani hufanya kipande kimoja kiwe kipimo cha kingine, na hilo mashine haijalifanya.

Halafu kuna pembe. Katika garimoshi la kweli lenye silinda mbili, pini ya gurudumu la kushoto na ya gurudumu la kulia, yaani pale ufito unaposhikizwa kwenye gurudumu, kwenye ekseli moja hupishana kwa nyuzi 90, ili pistoni moja ikifika mwisho wa safari yake na kukosa nguvu, nyingine iwe katikati na iendelee kusukuma. Katika garimoshi dogo la umeme pistoni hazisukumi chochote, kwa hiyo nyuzi 90 kamili si lazima. Lililo lazima ni ekseli zote tatu kuwa na pembe ileile. Zikiwa 89 zote, treni inateleza vizuri. Moja ikiwa 90 na nyingine 87, inakwama. Wanafunzi wakiniuliza pembe zinatumika wapi nje ya mtihani, nawaletea fremu darasani na kuwapa waizungushe kwa kidole.

Wanapenda pia hesabu ya mwendo. Gurudumu lenye kipenyo cha mita 1.5 lina mzingo wa mita 4.7 hivi. Treni ikienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu hilo huzunguka karibu mara 283 kwa dakika. Ukipunguza kila kitu mara 87, mwendo nao ukiwemo, gurudumu dogo la milimita 17 linazunguka mara 283 vilevile. Mota ya volti 12 huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na ukiifunga gia ya parafujo ya 40 kwa 1, yaani mota izunguke mara 40 ili gurudumu lizunguke mara moja, inabidi ifike 11,300 hivi ili kufikia mwendo huo. Ukiweka gia ya 20 kwa 1, treni itakimbia mara mbili kwa mzunguko uleule wa mota, na ubaya zaidi haitaweza kuondoka stesheni taratibu. Garimoshi lenye sura nzuri sana linaweza kuonekana la kuchezea kwa sababu ya gia tu.

Uzito haufuati hesabu hiyo. Urefu ukigawanywa kwa 87, ujazo unagawanywa kwa 87 mara tatu mfululizo, yaani kwa 658,503. Garimoshi la tani 100 lingebaki na gramu 152, na mwili mtupu wa rezini unaweza kuwa mwepesi kuliko hapo, wakati ekseli za mabehewa madogo zina msuguano mkubwa ukilinganisha na uzito wao. Ndiyo maana tunajaza risasi ndani ya boila, na kuhakikisha uzito umekaa katikati ya magurudumu ya kuendesha. Mwandishi wa makala hakuligusa kabisa jambo hili, nami naliona kubwa, kwa sababu garimoshi lisiloweza kuvuta mabehewa yake ni pambo la kabatini.

Na kwa magarimoshi yenye mfumo wa vali, unaopima mvuke unaoingia kwenye silinda, wa Mbelgiji Egide Walschaerts, wa mwaka 1844, fito zinazocheza nje ya magurudumu ni nyingi, na ndizo macho ya watu yanazofuata. Kuziona zikipanda na kushuka kwa zamu, kila moja ikiwa imepita chini ya tupa yangu, kunanipa furaha ambayo hakuna kitu cha dukani kimewahi kunipa. Sioni sababu ya kulisema hilo kwa aibu.

Kijana akiniuliza aanzie wapi, lakini, sitamwambia aanze na garimoshi. Aanze na pointi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Mchoro wa ukubwa kamili hubandikwa kwenye ubao. Juu yake hupangwa mataruma, vipande vinavyolala chini ya reli, yaliyokatwa kutoka kwenye bodi yenye utando wa shaba, ileile inayotengenezewa saketi za elektroniki, na reli hulehemewa juu ya shaba hiyo. Moyo wa pointi ni pale reli mbili za ndani zinapokutana na kuwa ncha ya V. Kwa pointi ya 1 kwa 6, ambayo reli hizo huachana kipimo kimoja kwa kila vipimo sita vya urefu, pembe ya ncha hiyo ni nyuzi 9 na nusu hivi. Unanoa reli moja kwa tupa upande huu, ya pili upande ule, unazilaza pamoja na kuzilehemu. Kisha unaacha nafasi ya kupitisha ukingo wa gurudumu, zaidi kidogo ya milimita 1. Ikipanuka mno, gurudumu linadumbukia kabla ya kufika kwenye ncha. Ikibana mno, linapanda juu na treni inaacha njia. Reli fupi za ulinzi, zilizo kando ya reli za nje, hulivuta gurudumu la pili la ekseli ileile ili lile linaloelekea kwenye ncha lisiigonge.

Umeme nao una lake. Reli mbili hubeba chanya na hasi, na kwenye V reli ya kulia ya njia moja hukutana na reli ya kushoto ya njia nyingine. Usipokata mwanya kwenye reli na kukwangua mstari kwenye shaba ya kila taruma, ni shoti moja kwa moja. V yenyewe inahitaji swichi ya kuibadilishia umeme kila pointi inapogeuzwa. Aliyemaliza pointi moja namna hii ameshika kulehemu, tupa, usomaji wa mchoro na saketi, vyote kwenye kipande cha ubao kinachokaa mapajani. Akitoka hapo, fremu ya garimoshi haitamtisha.

Mandhari sitayasemea sana, ingawa wageni huyatazama kwanza. Kokoto hugandishwa kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji na tone la sabuni, ili mchanganyiko uzame kati ya chembe badala ya kusimama juu yake. Kona sote tunazikunja zaidi kuliko zile za kweli: kona yenye nusu kipenyo cha mita 300 ni karibu mita 3.5 kwetu, na ni wachache wenye chumba cha kuienea.

Kuhusu kupitwa na wakati: Madder Valley, reli ndogo ambayo John Ahern alianza kuijenga kwa mikono yake nchini Uingereza katika miaka ya 1930, ingali inatunzwa katika jumba la makumbusho la Pendon. Kilicholehemewa huachanishwa kwa moto, kilichofungwa kwa skrubu hufunguliwa, na mtu mwingine anaweza kuendelea pale mjenzi alipoishia.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni moja. Pointi ya 1 kwa 6 kwa skeli ya 1:87 haizidi sentimita 25 kwa urefu, inaenea kwenye ukurasa mmoja wa gazeti. Nina mchoro wake niliouchora mwenyewe, mataruma yakiwa mahali pake na sehemu za kukata reli zikiwa zimewekwa alama. Nitautuma bila malipo. Tafadhali waagize wachapaji wasiupunguze wala kuukuza; chini yake nimeweka mstari wa sentimita 10, ili msomaji aupime kwa rula kabla ya kuubandika kwenye ubao.

Wako,
Mwalimu wa hesabu