Papa hakosei kamwe?

Mhariri,

Mimi ni katekista wa kigango, na vijana wa kipaimara huniuliza sana swali hilo. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1870, uliweka mipaka: hakosei anapotangaza rasmi fundisho la imani au maadili kwa Kanisa zima. Papa Pius XII alifanya hivyo mwaka 1950, kuhusu Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, yaani kuchukuliwa kwake mbinguni mwili na roho. Utabiri wa mpira haumo!

Lakini mbona magazeti huishia kwenye moshi mweupe na kura za makardinali za kumchagua Papa? Wakati wa vita, Papa Fransisko aliipigia simu parokia ya Familia Takatifu, Gaza, karibu kila jioni, hata alipolazwa hospitalini mwaka 2025. Aliwauliza wamekula nini. Andikeni na hayo.

Katekista, Moshi Vijijini