Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Maonyesho Yetu ya Viumbe na Mimea ya Katanga

Wababa na wamama, vijana wetu, wanachama wote wa chama cha wasanii hapa Lubumbashi, nawasalimu.

Hesabu za kesi, yaani mfuko wa fedha za chama, ziko kwenye karatasi ya mhazini, na kamati imezikagua. Mikutano ilifanyika kama kawaida, isipokuwa ule ambao mvua ilitufungia barabara. Michango bado inachelewa, na katibu atawasomea majina. Mimi nitasema juu ya maonyesho, maana ndiyo yaliyobeba mwaka mzima.

Ninyi wenyewe mlichagua mada: viumbe na mimea ya nchi yetu. Kamati ikaongeza sharti moja, likazua maneno mengi: msanii asilete mnyama wala mti ambao hajauona kwa macho yake. Wapo waliolalamika kwamba twiga hununuliwa, na jua linalozama nyuma ya mbuyu hununuliwa pia. Ni kweli, vinanunuliwa. Lakini twiga wa Kongo wako Garamba, kaskazini kabisa, na wengi wetu tunawachora kwa kuiga picha za watu wengine. Mji huu una urithi unaotudai zaidi ya hapo. Mwaka 1946, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar, akawahimiza wachoraji wake wasiige sanaa ya Ulaya. Pilipili Mulongoy akatoa ndege na samaki wake, Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga akajaza turubai kwa mistari mifupi iliyobanana. Ukiweka kazi zao pamoja, huhitaji kusoma sahihi ili kujua mkono wa nani. Hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta kwa sharti letu, na naamini tumeanza kulipata.

Mfano wa kwanza ni rangi. Kwa miaka mingi tumepaka miombo kijani mwaka mzima. Safari hii kundi la vijana wa Kampemba lilitoka mjini mwezi wa tisa, kabla ya mvua, likakuta majani mapya yamechipua mekundu, mengine rangi ya shaba. Picha zao zilipotundikwa, wageni kadhaa waliuliza kama ni miti ya kubuni. Mama mmoja muuza uyoga akawajibu mbele ya kila mtu kwamba msitu ndivyo ulivyo kila mwaka kabla ya mvua. Sitasahau jinsi watu walivyorudi kuziangalia upya.

Mwanachama mwingine aliacha rangi za dukani kabisa. Alichukua udongo wa kichuguu, uleule unaofyatuliwa matofali ya nyumba zetu, akauchuja na kuuchanganya na gundi. Alichora kichuguu chenyewe, na uyoga mkubwa unaoota juu yake mvua zikikolea, ule ambao kofia yake hufika hata mita moja. Wengi sasa wanataka kutumia mawe ya hapa, na kwa hiyo natoa onyo: malakiti, lile jiwe la kijani, ina shaba, na vumbi lake ni sumu likivutwa. Isagwe ikiwa na maji, pua na mdomo vimefunikwa, mbali na watoto na vyombo vya jikoni.

Kazi iliyonigusa kuliko zote ni ya dada yetu wa Ruashi, bamba la shaba lililogongwa kwa nyundo kuonyesha ua la shaba. Wanaotembea kwenye vilima vyetu wanalijua: mmea mfupi wenye maua ya zambarau, unaoota kwenye udongo wenye shaba nyingi ambako miti inashindwa. Watafiti wa mambo ya kale wameufuata wakafika kwenye mabaki ya tanuri za wafua shaba wa zamani. Vilima hivyo vina mimea isiyoota kwingine kokote duniani, na kilima kikichimbwa chote, mimea yake huenda nacho. Dada huyu aliandika chini ya bamba jina la kilima alikouona mmea huo, akaongeza kwamba mashine tayari ziko hapo. Watu walisimama muda mrefu mbele ya kazi hiyo, wachimbaji wakiwemo, na nilifurahi kuwaona.

Mzee wetu wa Katuba naye alichora shina la mti kwa makala, yaani makaa ya kupikia, juu ya magunia ya makala yaliyoshonwa pamoja. Katika mji ambao nyumba nyingi zinapika kwa makala, hakuna aliyehitaji maelezo.

Maelezo ya kazi zote tuliyaandika Kiswahili kwanza, Kifaransa chini yake. Napendekeza iwe hivyo daima. Wanafunzi walikuwa wanawasomea wazazi wao kwa sauti, na wazazi nao wakawafundisha majina ya ndege ambayo watoto hawakuyajua.

Yalitokea pia mabaya. Aliyetusafirishia kazi alivunja vioo, na malipo bado tunayadai. Umeme ulikatika siku ya ufunguzi, tukakodi jenereta kwa bei isiyokuwa kwenye bajeti. Mauzo yalikuwa madogo kuliko mwaka uliotangulia, hasa kwa waliozoea kuuza twiga. Wenzetu hao wamebeba mzigo wa uamuzi wetu sote, na ni haki chama kiwasaidie.

Kwa hiyo kamati inaleta maombi mawili. La kwanza, sehemu ya kesi inunue turubai, rangi na mabamba kwa pamoja, na wa kwanza kugawiwa wawe wale ambao hawakuuza. La pili, twende porini pamoja mara mbili kabla ya maonyesho yajayo: mwezi wa tisa kwa ajili ya majani, na mvua zikikolea kwa ajili ya uyoga. Kesi ikiruhusu, safari ya tatu iwe Kundelungu, kwenye maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300. Wachache mno kati yetu wamewahi kuyaona. Gharama zimo kwenye karatasi ya mhazini, ukurasa wa mwisho. Naomba tupige kura juu ya yote mawili sasa, kabla ya uchaguzi wa kamati mpya.