Wamekufa watatu

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam, na samahani sana kwa kimya, nilisema nitakujibu kesho na sasa ni miezi. Watoto hawajambo? Mimi mzima huku Seattle, ila leo sina raha.

Minyoo wangu wa baharini wamekufa. Sio wote, watatu tu, ila haohao ndo wameharibu kila kitu. Si unajua tunachota tope la chini ya mto Duwamish, ule uliojaa sumu za viwanda hadi serikali ya Marekani ikauweka kwenye orodha ya maeneo machafu kupindukia mwaka 2001, tunaligawa kwenye vyombo vitano, kila kimoja minyoo watano wachanga wa wiki mbili tatu, tunawalisha siku moja tunaruka moja, siku ya 20 tunawachekecha, tunawahesabu, tunawakausha tunawapima uzito, kuona kama tope limewadhuru. Maana mnyoo anaweza asife lakini akadumaa, anaishi humohumo kwenye tope na kulila analila, sumu inampita tumboni. Sasa pembeni kuna vyombo vitano vingine vya tope safi la kulinganishia, humo wasife zaidi ya asilimia 10, yaani wawili kati ya 25. Wangu watatu! Mmoja tu kazidi, basi hata wa tope chafu hawahesabiki tena, siku 20 zote zimepotea, tunaanza upya.

Na nawapenda jamani. Mama akishataga anakufa, baba ndo anabaki kwenye kishimo analinda mayai mpaka yaanguliwe. Mtu akiniambia ni minyoo tu naumia kabisa.

Nimerudia hesabu mara nne, bado watatu. Sijui hewa kwenye maji ilipungua au nini, nime... basi tu.

Nina ombi. Nikiwaangalia hawa nakumbuka Mzee Kombo alivyokuwa anachimba minyoo ya chambo pale Daraja la Salender huko Dar, mto Msimbazi unapomwaga baharini, na takataka zote zile za mjini zinazoshuka na mvua. Hebu muulizie. Bado anachimba palepale au kahama? Anawapata wengi kama zamani? Wanene au vijiuzi tu? Tope lina harufu gani siku hizi? Na wewe, ile kazi ulipata? Mama Tausi goti limepoa? Mbona hunitumii hata picha?

Wako,
Zai