Fremu ya ngapi? Soma hapa kabla hujalipia baiskeli ya mbio

Mteja akiingia dukani kwetu hapa Arusha na kuona baiskeli ya mbio imening'inia ukutani, swali lake la kwanza huwa "hiyo ni namba ngapi?" Anaulizia tairi. Hatumlaumu, ndivyo tulivyokua wote: Phoenix ya mzee ni 28, ya kijana 26, ya mtoto 20. Sasa kwenye baiskeli za mbio namba hiyo haikwambii kitu, kwa sababu karibu zote zina rimu ya aina moja, 700C, iwe ya mtu wa futi tano au wa futi sita na nusu. Kinachotofautiana ni fremu.

Fremu hupimwa kwa sentimita: 50, 52, 54, 56 na kuendelea. Zamani namba hiyo ilikuwa urefu wa bomba la kiti, kuanzia katikati ya ekseli ya krenki (pale mikono ya pedali inapofungwa) kwenda juu. Hata hapo palikuwa na utata, maana wengine walipima hadi mwisho wa bomba na wengine, hasa Waitaliano, wakaishia katikati ya bomba la juu. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Giant ikaleta TCR, baiskeli ambayo bomba lake la juu limeinama kuelekea nyuma. Bomba la kiti likafupishwa, wengine wakafuata, na leo fremu iliyoandikwa 54 yaweza kuwa na bomba la kiti la sm 50 tu. Nyingine zimeandikwa S, M au L bila namba yoyote. Mzigo wetu mwingi ni wa mtumba, wa zamani na wa kisasa umechanganyika, kwa hiyo stika hatuiamini. Kila fremu tunaipima wenyewe na kuifungia karatasi yenye vipimo.

Na wewe utapimwa. Kimo chako pekee hakitoshi, kwani watu wawili wa sm 175 wanaweza kupishana sana miguu. Vua viatu, simama mgongo ukigusa ukuta, weka kitabu kigumu katikati ya mapaja, kibane hadi juu kabisa kama vile umekalia kiti, kisha mwenzako apime kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Tafadhali usituletee kipimo cha fundi cherehani. Yeye anapima suruali, na suruali haibani hivyo, hivyo unaweza kupoteza sentimita kadhaa.

Chukua urefu huo wa mguu uzidishe kwa 0.65 hadi 0.67, utapata fremu yako ya mtindo wa zamani. Mguu wa sm 82 unakupeleka kwenye 53 hadi 55. Ukizidisha kwa 0.883 unapata kimo cha kiti kutoka katikati ya krenki, kwa mguu huohuo kama sm 72. Ni hesabu ya kuanzia tu, lakini inakuondoa kwenye kubahatisha.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo fedha zinapopotea. Kiti kinapanda na kushuka kwa kulegeza boliti moja. Umbali kutoka kiti hadi usukani hauchezi namna hiyo. Ukibadilisha kishikio, kile kipande kinachoshika usukani, utapata nafuu ya sentimita mbili, pengine tatu, zaidi ya hapo baiskeli inaanza kukata kona vibaya. Fremu ikiwa ndefu kuliko wewe, imekuzidi, hata kama miguu inafika chini vizuri. Utaijua kwa mikono iliyonyooka kama fito, ganzi viganjani, shingo inayouma ukifika tu Usa River, na utajikuta unakalia ncha ya kiti. Wapo wanaosukuma kiti mbele ili waufikie usukani. Usifanye hivyo. Kiti huwekwa mbele au nyuma kwa ajili ya goti na pedali, ukikitumia kutibu mikono utahamishia maumivu kwenye magoti.

Fremu ndogo nayo ina mambo yake. Lile bomba jembamba linaloshika kiti, linaloingia ndani ya fremu, unalivuta juu hadi linapita alama ya mwisho, kisha fremu inapasuka pale linapobanwa, na fremu ya kaboni iliyopasuka hapo haichomelewi kama chuma. Kwenye fremu ndogo sana vidole vya mguu vinaweza kugusa tairi la mbele ukikata kona kwa mwendo wa pole.

Je, ukiangukia katikati ya saizi mbili? Utasikia kila mahali kwamba uchukue ndogo. Sisi tunasema inategemea mgongo wako. Fremu ndogo ina usukani ulio chini zaidi, na baiskeli nyingi za mtumba huja bomba la uma (linalopanda kutoka tairi la mbele hadi kwenye usukani) likiwa limeshakatwa na mmiliki wa kwanza, kwa hiyo kuupandisha usukani tena haiwezekani, labda ugeuze kile kishikio kichwa chini upate sentimita chache. Kijana anayetaka kushindana, sawa, achukue ndogo. Kaka au dada anayeanza akiwa na miaka 45 na kazi ya kukaa ofisini, tutamshauri achukue kubwa kidogo na kishikio kifupi. Tuliowaona kwenye mashindano ya dunia pale Kigali, Septemba 2025, wamelala juu ya baiskeli, ni watu wanaolipwa kukaa hivyo. Usinunue fremu kwa kuiga picha zao.

Kuhusu dada zetu, hatuna "fremu ya kike" na hatuitafuti. Tunapima mguu, kiwiliwili na mkono, basi. Kinachobadilishwa mara nyingi ni kiti, na upana wa usukani uendane na mabega.

Ukija dukani njoo na viatu utakavyoendeshea na nguo isiyobana. Tunaifunga baiskeli kwenye stendi, unapiga pedali dakika kumi huku tukiangalia goti na kiwiko, na kama kishikio kinahitaji kubadilishwa tunabadilisha kabla hujalipa. Kama uko mbali, tutumie kwa WhatsApp kimo, urefu wa mguu na urefu wa mkono kutoka begani hadi kwenye ngumi. Tukiwa hatuna saizi yako tutakwambia usubiri mzigo ujao. Jumamosi mchana huwa tumebanwa, kwa kupimwa njoo asubuhi.